Mkono wa Birika: Utani, Ubahili na Madai

Katika jamii za Afrika Mashariki zinazotaniana, mojawapo ya tuhuma zinazorudiwa sana si ya ujinga wala ya ubaya wa sura, bali ni ya ubahili: mtu huambiwa kwamba ana mkono wa birika, kwamba kwake chungu huinjikwa mlango ukiwa umekomelewa, kwamba mgeni akibisha hodi sinia la chakula husukumwa uvunguni. Tuhuma hiyo hutolewa hadharani, pengine mbele ya wazee na viongozi wa dini, na anayetuhumiwa hatakiwi kukasirika. Anatakiwa ajibu kwa tuhuma nzito zaidi, au atoe. Neno hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa, kwa sababu maandishi mengi yanayohusu utani yameushughulikia kama mchezo wa maneno wa kupoza uhasama, ilhali kwa watani wenyewe maneno hayo yameambatana siku zote na kuku, unga, sanda na fedha taslimu.

Utani, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni uhusiano unaotambuliwa na mila, ambao huwapa watu wa pande mbili ruhusa, na wakati mwingine wajibu, wa kukejeliana bila upande wowote kudai kwamba umevunjiwa heshima. Aliye ndani ya uhusiano huo huitwa mtani, naye hauchagui bali huzaliwa nao kama anavyozaliwa na ukoo. Ndani ya familia huwahusu babu, bibi na wajukuu, ambapo bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume na kulalamika mbele za watu kwamba hapewi matumizi, na huwahusu pia mashemeji, wakati mkwe husimama upande wa pili kabisa, kwani kati yake na mkwewe pana heshima ya kufunga kinywa na hata ya kupishana mbali njiani. Nje ya familia utani huunganisha koo, kama ilivyo kwa Waluguru wa milima ya Morogoro, na huunganisha makabila mazima, kama Wanyamwezi na Wazaramo, au Wahehe na Wangoni. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 ambayo ni vigumu kuandika juu ya jambo hili bila kuitaja, aliueleza utani kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui: watu wenye sababu ya kugombana, na ambao pia wana sababu ya kupatana, hupewa njia ya kugombana kwa mzaha ili wasije wakagombana kweli. Maelezo hayo yana nguvu, lakini ni ya mtu aliyesikiliza vinywa bila kutazama mikono. Pengine aliyemzidi kwa hilo ni R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, na ambaye miaka hiyohiyo ya 1940 aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika akiwa na mazoea ya mtu anayeandika kila anachokiona kikichukuliwa na kila anayekichukua.

Asili ya utani wa makabila hutafutwa kwa kawaida katika mambo mawili, nayo ni vita na njia za misafara. Wahehe na Wangoni walipigana katika miaka ya 1870 na 1880, na leo Mngoni hawezi kukaa na Mhehe saa nzima bila kumwuliza kama nyama iliyo mezani ilikuwa ikibweka jana. Hata hivyo ni misafara inayoeleza vizuri zaidi kwa nini ubahili umekuwa kiini cha matani. Katika karne ya 19 wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na bunduki, safari ya miezi kadhaa iliyopita katika nchi za Wagogo, Wasagara, Wakwere na Wazaramo. Na mpagazi aliyefika kijijini jioni, mzigo begani na kibuyu kikiwa kitupu, hakuwa na ndugu wa kumdai chakula wala fedha ya kukinunulia. Alichokuwa nacho ni utani. Alipomwambia mwenyeji kwamba watu wa pwani wanajulikana kwa kuficha mihogo, hakuwa akieleza tabia ya watu wa pwani, ambayo pengine hakuijua vizuri. Alikuwa akifungua shauri ambalo hukumu yake ilikuwa mihogo, maji na mahali pa kulala. Mwenyeji naye, akishajibu kwamba Wanyamwezi ni punda waliojifunza kusema, aliinuka kwenda jikoni, akijua kwamba siku mwanawe atakapokwenda bara atakuwa na mlango wa kubisha.

Kutokana na hali hiyo ilifuata kanuni iliyowashangaza wageni wengi, kwamba mtani aweza kuingia uani, akakamata kuku, akaondoka naye mchana kweupe, na asiitwe mwizi. Mwenye kuku hupiga kelele, hulaani kabila zima la mchukuaji, huita majirani washuhudie, lakini hashtaki, na zamu yake ikifika naye huchukua. Ubahili, kwa hiyo, haukuwa kasoro ya moyo iliyochekwa kwa mbali. Ulikuwa kosa mahususi dhidi ya mtu mahususi mwenye haki ya kuchukua, na kicheko kilikuwa namna ya kuidai haki hiyo bila kuomba, kwa kuwa kuomba kungemshusha aombaye.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi msibani. Mtani hufika mapema, huchota maji, huchimba kaburi, hupika, na katika baadhi ya jamii hushiriki kuuandaa mwili. Halafu, wafiwa wakiwa katikati ya kilio, huiga mwendo na usemi wa marehemu, hueleza jinsi alivyokuwa akificha sukari, na jeneza likiwa tayari kutoka huketi njiani au hulala kaburini akisema hatoki mpaka apewe kitu. Wafiwa hucheka huku wanalia, fedha kidogo hutolewa, jeneza hupita. Mtu asiyeujua utaratibu huo huona ukatili, na mchungaji au shehe mgeni anaweza kukunja uso, lakini wenyeji hujua kwamba anayemwita marehemu bahili ndiye aliyeshika jembe tangu alfajiri, na kwamba ruhusa ya kusema inatokana na jembe hilo. Kazi ikiondolewa, kinachobaki ni matusi kwenye msiba.

Tofauti hiyo, kati ya ubahili unaotajwa kama dai na ubahili unaotajwa kama sifa ya kabila, husaidia kuelewa yaliyompata Mchaga. Katika matani ya Tanzania kila kabila kubwa lina fungu lake: Mhaya ana majivuno ya elimu, na hukumbushwa hayo kwa neno la Kihaya nshomile, yaani nimesoma, Mzaramo anapenda ngoma kuliko shamba, Msukuma ni mshamba mwenye ng'ombe wengi, Mchaga ni fedha. Inasimuliwa kwamba njia ya hakika ya kujua kama Mchaga amekata roho ni kudondosha sarafu karibu na sikio lake, maana akinyamaza hata hapo, taratibu za mazishi zaweza kuanza. Jijini Dar es Salaam mwenye duka la mtaani huitwa Mangi hata akiwa Mkinga au Mrangi, ingawa neno hilo lilikuwa cheo cha watawala wa Kilimanjaro kabla ya uchifu kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na kila Desemba, mabasi yanapojaa abiria waendao Moshi, Machame, Marangu na Rombo kula Krismasi, husemwa kwamba jiji limebaki na foleni fupi na maduka yaliyofungwa. Mwenye kuitazama safari hiyo ya Desemba vizuri angepaswa kuanza kutilia shaka hadithi ya sarafu, kwa sababu watu wanaotumia akiba ya mwaka mzima kwa nauli, mbuzi, mbege na mchango wa kanisa la kijijini si mfano mzuri wa ubahili.

Kinachoitwa tabia ya Mchaga kina historia ambayo mzaha hauigusi. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalorithiwa kutoka baba kwenda mwana, hakiwezi kugawanywa milele, na mlima hauongezeki. Wamisionari Wakatoliki na Walutheri walifungua shule huko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na kufikia mwaka 1933 walikuwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho ni miongoni mwa vya zamani zaidi barani Afrika. Kijana asiye na ardhi, anayejua hesabu, na aliyekulia katika nyumba ambamo bei ya kahawa ilijadiliwa kila msimu, angefanya nini kama si kwenda mjini kufungua duka? Mzaha huchukua uhaba wa ardhi, shule na ushirika, ukaviita damu.

Hadithi ya sarafu, tena, haina uraia. Nchini Kenya husimuliwa vilevile juu ya Mkikuyu, na penye jina moja hupachikwa jingine bila kubadilisha hata kituo. Huko Ulaya hadithi za ukoo huohuo huwaandama Waskoti, na wakazi wa mji wa Gabrovo nchini Bulgaria wamezigeuza kuwa fahari ya mji: husema kwamba huwakata paka wao mikia ili mlango usikae wazi muda mrefu paka anapopita, joto likapotea bure, na tangu mwaka 1972 wana jumba la makumbusho ya vichekesho na tashtiti. Mwanasosholojia Mwingereza Christie Davies, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu vichekesho vya makabila na mataifa, alionyesha kwamba katika nchi nyingi vichekesho hivyo huja kwa jozi, vya wajinga upande mmoja na vya wajanja wenye mkono mgumu upande wa pili, na kwamba jozi hiyo inahusu hofu ya watu wa kawaida wanaotakiwa na soko wawe na bidii na akiba, lakini wasizidishe. Kwa maelezo hayo anayecheka ubahili wa jirani yake anapima umbali wake mwenyewe na kushindwa. Ni hoja nzuri kwa Ulaya ya viwanda. Kwa Afrika Mashariki inaacha nje swali ambalo mpagazi wa Tabora angeliuliza kwanza, yaani kama huyo mjanja mwenye duka anadaiwa kitu na anayemcheka.

Swali hilo linazidi ugumu watani wanapokuwa mataifa. Kati ya Kenya na Tanzania matani ya fedha yamechanganyika na ya lugha kiasi kwamba hayatenganishiki. Nairobi, Sheng, lugha ya vijana iliyokulia katika mitaa ya mashariki ya jiji kwa kuchanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za nchi, imezipa fedha majina ya mbao kwa shilingi 20, finje kwa 50, soo kwa 100 na ngiri kwa 1,000. Dar es Salaam jero ni 500, buku ni 1,000, na noti nyekundu ya 10,000 huitwa msimbazi, kwa rangi ya klabu ya Simba yenye makao katika mtaa wa jina hilo. Mkenya anayevuka mpaka wa Namanga na kubadilisha fedha zake hujikuta na mamilioni, kwa kuwa shilingi yake hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, na hapo huambiwa kwamba afadhali ahesabu zote sasa kwa sababu hatazipata tena kwao. Yeye hujibu kwamba ni heri fedha chache zenye kazi. Mtanzania husema kwamba Mkenya huingia mgahawani na kuamuru "nipe chai" kama anayekusanya kodi. Mkenya husema kwamba Mtanzania huanza na samahani, hufuatia na naomba, na kwamba hata kibaka wa Dar es Salaam hukuamkia kabla ya kukuchukulia simu. Ubahili hapa umehamia kwenye maneno: mmoja ana uchumi wa fedha na hasara ya adabu, mwingine ana utajiri wa adabu na hana haraka ya kuzalisha. Kila mmoja, ni vema kukiri, hufurahia zaidi kashfa anayotupiwa kuliko sifa ambayo angepewa, kwa sababu ndani ya kashfa ya pupa mna bidii na ndani ya kashfa ya uzembe mna ustaarabu.

Lakini katika matani ya lugha pana usemi mmoja usiostahili kuachwa upite kirahisi, nao ni ule usemao kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Usemi huu hupokewa kama hekima, wakati ni nakala ya uamuzi wa kikoloni iliyovishwa kanzu ya mzaha. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji huo. Kabla ya hapo Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu vilikuwa na ushairi ulioandikwa kwa karne mbili na zaidi, ushairi wa Pate na wa Muyaka bin Haji, ambao haukuwahi kuugua. Na hilo kaburi la Kongo lina kelele nyingi kwa kaburi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huko Lubumbashi, Bukavu na Goma watu hupendana, hugombana, huuza na huimba kwacho, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na marehemu wake. Mzaha huu humtangaza msemaji kuwa mwenye mali, lakini haumtaki atoe chochote. Humruhusu amcheke Mkongo bila kumfundisha, bila kumsikiliza na bila kuazima hata neno moja kutoka kwake. Kwa kipimo cha utani wa zamani, bahili hapo ni mchekaji.

Serikali nazo zimewahi kutaniana, kama neno hilo linafaa. Katika miaka ya 1970, Kenya ilipofuata ubepari na Tanzania ujamaa, upande wa Tanzania uliiita Kenya jamii ya mtu kula mtu, na jibu ambalo kwa kawaida hunasibishwa na Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wa wakati huo, lilikuwa kwamba Tanzania ni jamii ya mtu kutokula chochote. Kama kauli za watani wawili msibani, hizo zingestahili makofi. Zilisemwa, hata hivyo, wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977, reli na ndege zikigombaniwa, na mpaka ukifungwa mpaka mwaka 1983, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kubisha baada ya kutukanana. Miaka 40 baada ya kuvunjika huko, Oktoba 2017, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria walichomwa moto na mamlaka za Tanzania huko Namanga kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Inawezekana sheria ilifuatwa. Wala mkaguzi wa mifugo hatakiwi kuendesha karantini kwa utani. Lakini kadiri mipaka inavyosimamiwa kwa vibali, ndivyo anayevuka na kuku anavyokuwa mwagizaji haramu, na anayemcheka anavyokosa namna ya kumlipa.

Kenya ilijifunza sehemu nyingine ya jambo hili kwa gharama kubwa. Wakikuyu na Wajaluo hawakuwa majirani wa zamani wenye mkataba wa kuzikana. Walikutana kwa wingi Nairobi na katika siasa, wakiwa washindani wa kazi, nyumba na kura. Matani juu ya Mkikuyu na shilingi yake, au juu ya Mjaluo na suti yake, yalichekesha kwenye majukwaa na katika matatu, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 sifa zilezile zilisikika katika midomo ya watu waliobeba panga, zikiwa zimepoteza kicheko tu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Si haki kusema kwamba vichekesho viliua, kwa maana ardhi, kura na wanasiasa vilitosha. Lakini vilikuwa vimewazoesha watu kumtambua jirani kwa mkoba wake, bila kuwazoesha kula kwake. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na waliosema hivyo walikuwa ni watu waliokuwa na watani.

Tanzania yenyewe haipaswi kujisifu mno, maana utani wake unazidi kuwa wa jukwaani. Magazeti huziita Simba na Yanga watani wa jadi, klabu zilizoanzishwa mwaka 1936 na 1935 katika eneo lilelile la Kariakoo, na bado hakuna shabiki anayehisi kwamba ana wajibu wa kumchimbia mwenzake kaburi. Kijana aliyezaliwa Sinza, Dar es Salaam, kwa baba Mnyamwezi na mama Mzaramo hajui amchukulie nani kuku.

Mahali ambapo dai la zamani bado lina nguvu ni katika kamati ya harusi. Hapo wanakutana wiki baada ya wiki ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake bwana harusi, watu wa makabila mengi walioletwa pamoja na daftari la michango, na mhazini anaposoma ahadi, au anapozibandika jioni katika kundi la WhatsApp akiwawekea alama ya vema waliotimiza, lugha yote ya utani hurudi ikiwa na kazi yake kamili. Mangi aliyeahidi laki mbili akapunguza hamsini huulizwa kama nyingine ameziotesha migomba, naye hutuma iliyobaki usiku uleule pamoja na salamu kwa kabila la mhazini. Mhaya huambiwa kwamba Kiingereza hakinunui mchele. Mzaramo, ambaye hajatoa hata thumni, huuliza kama ahadi yake inaweza kulipwa kwa kucheza, mwenyekiti hukataa, na jina lake hubaki bila alama mpaka Ijumaa.